Mzungu wa Nne

Siku Tupokigwe alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, alimaliza kwanza kuanika nguo. Alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu ya Bweni la Mashariki, simu ameibana kati ya sikio na bega, vibanio viwili mdomoni. Upande wa pili kaka yake, Ambilikile, alikuwa akilia kilio cha mwanamume asiyekizoea, kinachokwama na kuanza upya. Tupokigwe alitoa vibanio mdomoni.

"Sawa, kaka. Nimesikia. Mazishi lini?"

Kilio cha Ambilikile kilikatika. "Jumatano. Tupo, umenielewa nilichosema?"

"Nimekuelewa. Mama amefariki. Nitakuja na basi la asubuhi."

Kisha akaanika shuka lililobaki, akalinyoosha pembe kwa pembe ili lisikauke na mikunjo. Alijichungulia moyoni kuona kama kuna kitu, akakuta hakuna. Alijua kwamba alimpenda mama yake. Alilijua jambo hilo kama alivyoijua tarehe yake ya kuzaliwa, kwa kuwa aliambiwa na halikuwa na ubishi.

Tusimwone katili. Chuo Kikuu cha Nyanda kilijengwa juu kabisa kwenye baridi, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kupiga hodi, na kilisifika kwa mambo mawili: ufaulu na utulivu. Mzazi akisikia mwanawe kachaguliwa Nyanda alipiga vigelegele. Zamani mitihani ikikaribia zahanati ya chuo ilijaa vijana wasiolala, wasiokula, wanaozungumza peke yao. Siku hizi hapakuwa na aliyelia wala aliyegombana, na mahafali yalikwenda kimya kama foleni ya benki.

Siri ilikuwa chini ya godoro. Kila kitanda kilikuwa na mkeka wa Mzani, mweusi, mwembamba kama turubai. Haukusoma mawazo, uongozi ulilisisitiza sana hilo. Mtu akilala, mkeka ulisikiliza mapigo ya moyo wake na umeme mdogo unaopita kwenye fuvu, ukatambua kile mafundi walichokiita uzito: hofu, huzuni, upweke, majuto. Ukauvuta uzito huo kutoka kichwani, ukaupitisha urefu wa kitanda, ukautolea miguuni, ambako waya ulishuka ukutani kwenda kuuzika ardhini kama radi inavyozikwa. Asubuhi mtu aliamka mwepesi. Wanafunzi, ambao hawana adabu, walisema mkeka unakula kwa kichwani na kutapika kwa miguuni. Na kwa kuwa haukuwa na mkono wa kuchambua, ulipochukua huzuni ulichukua na furaha iliyoshikana nayo. Watu wakienda likizo iliwachukua wiki kadhaa kuanza kucheka tena. Wenyewe waliita hali hiyo kuyeyuka.

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa Tupokigwe, mwaka wa tatu wa famasia, akiwa na vibanio mkononi.

Aliingia chumbani. Nyamizi alikuwa amekaa upande wa miguuni wa kitanda, miguu ameikunja, anasoma maelezo ya historia ya elimu. Nyamizi hakuwa na haki ya kuwa pale. Vitanda vya Nyanda vilikuwa vichache kuliko wanafunzi, kura ilikuwa imemkosa, naye hakuwa na ndugu mjini wala kwingine kokote. Alilelewa na masista kwenye kituo cha watoto huko Urambo. Tupokigwe akambeba. Neno ndilo hilo, na kila aliyewahi kulala bweni analijua: mwenye kitanda anambeba asiye na kitanda, na usiku mnalala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kila mmoja anamnusa mwenziwe nyayo na hakuna anayelalamika.

Kubebana kulikatazwa. Metroni Hokororo, mlezi wa bweni, alipita milangoni na kuita majina, na hapo jina la Tupokigwe lilikuwa limewafaa sana, maana wote walilikata likabaki Tupo.

"Nani yupo humo?" Metroni angeuliza.

"Tupo."

"Najua ni Tupo. Nauliza mpo wangapi."

"Tupo tu, metroni."

Metroni angeguna na kupita. Hakuwa mjinga yule mama. Alikuwa na mabweni mawili na goti bovu.

"Mama amefariki," Tupokigwe alisema, akiweka beseni chini ya kitanda.

Nyamizi alishusha karatasi zake. "Mama nani?"

"Mama yangu. Naomba uniamshe kesho nisiachwe na basi."

Nyamizi alishuka kitandani akamkumbatia, na Tupokigwe akakumbatiwa, mikono imening'inia. Alisubiri mwenzake amalize. Kisha akapanga mkoba: nguo nyeusi, kitenge, mswaki, kitabu cha dawa za moyo kwa ajili ya njiani.

Asubuhi alimkuta Nyamizi ameketi, macho yamevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki.

"Una nini wewe?"

"Sijui. Nimelia usingizini mpaka mto umelowa. Sioti kitu. Nalia tu."

"Kapime malaria," alisema Tupokigwe, akaenda zake stendi.

*

Kwao ni mteremkoni mwa Rungwe, na mvua ya kule haina likizo. Tupokigwe alifika akasalimia wakubwa mmoja mmoja, akapokea pole, akauliza ndizi za kumenya ziko wapi. Alimenya mkungu mzima bila kuinua uso. Akapanga viti chini ya turubai. Akagundua kwamba kipaza sauti cha mchungaji hakina chaji, akakitafutia. Wazee walimtazama wakasema mtoto huyu jasiri, kasoma. Hiyo ilikuwa asubuhi. Kufikia mchana neno jasiri lilikuwa limeisha midomoni mwao, na kina mama walionyamaza alipopita walikuwa na sababu ya kunyamaza.

Wakati wa kuaga alisimama mbele ya jeneza. Mama yake alikuwa amevikwa gauni la umoja wa wanawake wa kanisa, na ukosi ulikuwa umekunjika, hivyo Tupokigwe akaunyoosha. Nyuma yake watu walisubiri. Sauti za kulia zilipungua kumpisha, kwani kila mtu alijua kwamba sasa ni zamu ya binti. Tupokigwe aliusikia ule ukimya na akaelewa unataka nini.

Mama mdogo Subilaga, mdogo wake marehemu, alimshika mkono akamfinya. "Lia, mwanangu," alimnong'oneza. "Lia hata kidogo, watu waone."

Akajaribu. Alifungua mdomo akatoa sauti aliyodhani ndiyo, ikatoka kama kikohozi cha mbuzi. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kibao.

"Acha," Mama mdogo alisema. "Bora uache."

Baadaye, jikoni, Mama mdogo alimkalisha kwenye kigoda mbele ya moshi, labda akitumaini moshi utasaidia. "Wamekufanya nini huko, Tupo?"

"Hawajanifanya kitu, mama. Ninasoma vizuri."

"Mama yako alikuwa anasema hivyo hivyo. Mwanangu anasoma vizuri, lakini nikimpigia simu nasikia kama naongea na mlango." Alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Nilidhani anazidisha. Alikuwa mtu wa kuzidisha."

Tupokigwe aliona kwamba maneno hayo yanapaswa kuuma. Alikaa nayo kidogo kuyapa nafasi. Kisha akauliza kama sufuria kubwa irudishwe leo kwa jirani au kesho.

Kuanua matanga kulisogezwa hadi mitihani yake iishe, ili naye awepo. Ambilikile alimsindikiza stendi, akitembea mbele yake njia nzima.

*

"Pole sana, mwanangu," Metroni Hokororo alimwambia pale chini, mlangoni pa bweni. "Shikamoo yako nimeipokea, na pole yangu ipokee. Lakini unaona? Umesimama wima. Zamani za kwetu mtu akifiwa na mama muhula kama huu alikuwa anapelekwa nyumbani amebebwa. Mshukuru Mungu, na Mzani."

"Nashukuru, metroni."

Nyamizi alikuwa chumbani, na alikuwa amechangamka. Alimpokea mkoba, akamwuliza habari za watu asiowajua. Alisema tangu Tupokigwe aondoke alikuwa amelala vizuri ajabu, kitanda kizima chake, ingawa kwa mazoea alibaki na kichwa upande uleule wa miguuni. Lakini asubuhi iliyofuata macho yalikuwa yamevimba tena, na iliyofuata hiyo hakwenda darasani.

Jumapili mchana, wengine wakiwa kanisani au wakifua, Tupokigwe alikaa kwenye mto wake akasafisha simu. Ilikuwa imejaa. Alifuta picha za maabara, akafuta matangazo ya chuo, akafika kwenye ujumbe wa sauti aliokuwa ameutunza bila kujua kwa nini. Ulitumwa Jumapili ile kabla ya msiba. Akaubonyeza.

"Tupo. Umekula? Usiniambie umekunywa chai, chai si chakula. Huku mvua haijakoma. Ng'ombe kazaa dume, mimi nilitaka jike, basi. Sina neno. Nilitaka kukusikia tu. Ukipata nafasi nipigie."

Aliusikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza tangazo la basi lisilo lake. Kidole kikawa kinakwenda kwenye kufuta.

Upande wa pili wa kitanda sahani ilianguka. Maharage yalitapakaa sakafuni. Nyamizi alikuwa amejikunja, mto wa nguo ameukandamiza mdomoni ili Metroni asisikie, na nyuma ya mto ule ilikuwa inatoka sauti ambayo Tupokigwe aliijaribu mbele ya jeneza ikamshinda.

"Huyu nani?" Nyamizi aliuliza alipoweza.

"Mama."

"Mrudie. Hapana, mzime. Mrudie, Tupo."

"Nyamizi, una nini? Humjui."

"Simjui. Sijawahi kumwona hata picha." Alikuwa anahema. "Basi kwa nini nahisi kwamba alinipigia, nikaona simu inaita, nikaigeuza chini nikaendelea kusoma? Kwa nini nahisi kama ningempigia asingekufa?"

Tupokigwe aliweka simu chini. Jambo hilo hakumwambia mtu. Mama alipiga siku moja kabla ya kufa, jioni, naye aliigeuza simu kifudifudi juu ya kitabu cha dawa za moyo na kusema moyoni, kesho. Hakulisahau. Lakini aliliona kwa mbali, dogo, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Alimwondoa Nyamizi taratibu kitandani, akainua godoro. Mkeka ulikuwa pale, mweusi, na mshale mweupe uliochorwa kutoka upande wa mto hadi upande wa miguu. Mwisho wa mshale ulikuwa na kifundo kama ngumi, ambapo kila kilichovutwa kilikusanyika kabla ya kuingia kwenye waya. Juu ya kifundo kile hasa ndipo Nyamizi alipoweka kichwa tangu mwaka wa kwanza.

Waliotengeneza Mzani walikuwa watu wa akili nyingi na walifikiria mengi. Walifikiria mtu anayekoroma, anayejigeuza, mwenye mimba, anayeota anakimbizwa. Lakini walitoka mahali ambapo kitanda kina kichwa kimoja. Haikuwapitia akilini kwamba kuna nchi ambayo miguuni pa mtu pana mtu.

"Wewe ndiye ulikuwa unatapika kila nikiwa na mtihani," Tupokigwe alisema polepole. "Hata ule wa kwanza kabisa. Nikakuambia unazidisha woga."

"Nilijua mimi ni mwoga tu," Nyamizi alisema. "Watu wa vituo ndivyo tulivyo, nilidhani."

Wakakaa sakafuni, katikati ya maharage. Nyamizi aliokota punje moja moja akazirudisha sahanini. Tupokigwe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na akili tulivu, alianza kupanga. Walale wote upande mmoja, vichwa pamoja. Itabana lakini inawezekana. Huzuni itashuka kwenye waya kama ilivyokusudiwa na Nyamizi atapumzika.

"Itashuka wapi?"

"Ardhini."

"Mama wa mtu unamfukia mara mbili?"

"Basi nimwambie Metroni. Mafundi wanaweza kukusafisha, nasikia wana mashine. Utakosa kitanda, lakini utapona."

"Nipone nini?" Nyamizi aliweka sahani chini. "Sikiliza, Tupo. Mimi niliokotwa. Masista walikuwa wazuri, sina la kuwalaumu. Lakini sista akifa, watoto sitini mnamgawana, kila mmoja analia kijiko. Sasa mimi nina mama. Anaumiza, kweli, nadhani ataniua. Lakini ni mama mzima. Naamka nataka kujua kama amekula. Usinisafishe."

"Ni mama yangu," Tupokigwe alisema, bila ukali, kama anayemsahihisha mtu herufi.

"Basi mchukue." Nyamizi alionyesha sakafu. "Lala hapa chini kuanzia leo. Usilale kwenye ule mkeka. Nilichonacho sijui jinsi ya kukurudishia, lakini kilichobaki kwako kitakuja chenyewe, si ndivyo mnavyoyeyuka? Utalia, wewe mwenyewe, kwa jicho lako."

Tupokigwe aliitazama sakafu, saruji ya Nyanda, ambayo hata Desemba ina baridi ya kaburi. Kisha akaitazama ratiba ya mitihani iliyobandikwa ukutani. Alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Alijua vizuri mtu anayelia namna ile hasomi.

"Mitihani ikiisha," alisema.

Nyamizi aliisukuma sahani ya maharage kando. Alimtazama tu kwa yale macho mekundu. "Kila usiku unaolala pale juu unanipa kingine," alisema baadaye. "Sijui kimebaki kiasi gani. Isije ikawa unakuja kukichukua mwisho, ukute chungu kitupu."

"Mitihani ikiisha, Nyamizi."

*

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakimcheka mtu anayeuona mzigo wa mwingine mwepesi kwa kuwa haumlemei yeye. Wangeishi Nyanda wangeona makubwa zaidi: mtu aliyeuona mzigo wake mwenyewe kanda la usufi, kwa kuwa mwenziwe yuko chini yake.

Mitihani ilianza. Tupokigwe alilala, akaamka mwepesi, akaenda akaandika. Majibu yalimjia yamejipanga. Asubuhi alimletea Nyamizi uji kutoka kantini na kumshikia kikombe anywe, maana peke yake Nyamizi aliuacha upoe. Nyamizi alifanya mitihani miwili. Wa tatu alitoka katikati, na wa nne hakwenda. Alijua kwamba mwaka umeondoka na kwamba huenda atafukuzwa chuo, akalisema hivyo hivyo, bila kumlaumu mtu. Alisema masomo ataanza upya mahali pengine. Alizungumza zaidi kuhusu ndama dume.

"Mlimpa jina?"

"Sijui."

"Uulize."

Tupokigwe alijua anachofanya. Hilo lisifichwe. Hakuwa mtu aliyelala usingizi wa kutojua. Kila jioni alisimama kando ya kitanda, akamwona mwenzake amejikunja juu ya kile kifundo, akajua kwamba ni dhambi, akapanda. Dhambi ilipopanda naye ilivutwa kama vingine. Usiku wa kuamkia mtihani mgumu kuliko yote, wa dawa za moyo, aliusogeza mto wake ukae katikati kabisa ya mkeka, usipoteze kitu.

Asubuhi ile Nyamizi hakuweza kusimama. "Jana ulifanya nini?" aliuliza. "Ilikuja yote kwa mkupuo. Ulikuwa mtoto, una homa, amekubeba mgongoni kwenye mvua. Hapana, sikuona kitu. Nilihisi tu mgongo wake."

Tupokigwe alivaa viatu, akaenda, akapata alama ya juu kabisa.

Alipomaliza mtihani wa mwisho alitandika kitenge sakafuni, kama alivyoahidi. Akalala pale usiku baada ya usiku, Nyamizi akiwa juu peke yake. Alingoja. Mgongo ulimuuma. Mafua yakamshika. Alisikiliza ujumbe wa sauti asubuhi na mchana, mpaka akaukariri na kuweza kuusema pamoja na mama yake, neno kwa neno, bila kukosea. Hakuna kilichokuja. Mwishowe aliacha kungoja akawa analala tu sakafuni.

"Nakuja na wewe kwenye matanga," Nyamizi alisema. "Usinikatalie. Siwezi kukosa."

*

Kuanua matanga kwao hakuna mambo mengi. Watu wanakula, mchungaji anaomba, wazee wanasema msiba umekwisha, mtu arudi shambani. Kisha kina mama wanaketi kwenye mikeka uani na nguo za marehemu zinagawiwa.

Nyamizi alitambulishwa kama rafiki wa chuo. Hakuna aliyelijali tena hilo baada ya muda mfupi, maana alipoiona ile nyumba alijitupa. Kina mama walimdaka wawili huku, wawili huku. Alilia kwa maneno. Alimwita marehemu mama, akamwomba radhi kwa simu ambayo hakuipokea, akauliza nani atamwuliza tena kama amekula, na kila mtu uani pale aliyemjua marehemu aliisikia sauti ya marehemu ndani ya swali lile. Wazee waliokuwa wameshamaliza kulia wakaanza upya. Ambilikile alitoka nje akasimama nyuma ya banda la ng'ombe.

Tupokigwe alikuwa amebeba mikoba yote miwili. Aliiweka ukutani. Alipoitwa aseme neno la mtoto, alisimama akawashukuru waombolezaji, kanisa, majirani na kamati ya mazishi, kwa mpangilio, bila kusahau mtu. Wakapiga makofi machache. Alikaa.

Mama mdogo Subilaga aligawa gauni, viatu, sweta la bluu. Mwisho alibaki na kitenge cha kijani, kile cha Jumapili, kilichopauka mabegani. Katika ukoo wao kitenge cha Jumapili hakigawiwi. Anavishwa binti wa marehemu, hadharani, naye hukaa nacho. Mama mdogo alikikunjua. Akamtazama Tupokigwe, kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni pake kwa upendo wote aliokuwa nao, asikione. Kisha akageuka, akapiga magoti, akamfunika Nyamizi mabega.

"Sijui wewe ni nani, mwanangu," alimwambia. "Lakini wewe ndiye umefiwa."

Kitu kikamchoma Tupokigwe chini ya titi la kushoto. Alishtuka, akaweka mkono pale, akidhani ni mbavu, au yale mafua. Kikachoma tena. Alikitafutia jina na jina halikuja upesi, kwa kuwa miaka mitatu hakuwa amekihitaji. Hakikuwa huzuni. Angeshukuru kama kingekuwa huzuni. Ulikuwa wivu, wivu mchafu wa mtoto aliyeona mwenziwe kapakatwa mahali pake kwenye paja la mama.

Akainuka. Alipita juu ya miguu ya watu bila kuomba samahani, akafika, akaushika upindo wa kile kitenge.

"Hicho changu."

Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Nyamizi aliinua uso uliolowa, akamtazama, na hakuachia.

"Najua," Nyamizi alisema. "Lakini sijui nitakivuaje."

Mama mdogo alikuwa anautazama mkono wa Tupokigwe, jinsi ulivyokikamata kile kitambaa. Alisogea, akawasogeza na wengine, nafasi ikapatikana kwenye mkeka.

"Kaa hapo," alisema. "Kaa kwanza."

Tupokigwe akakaa, upindo umo mkononi. Akauvuta kwa nguvu kuliko ilivyo adabu mbele ya wakubwa, na Nyamizi, huku akilia, naye akavuta upande wake.